G ngumu na G laini katika Kiholanzi

G ngumu na G laini (kwa Kiholanzi: harde g na zachte g) ni majina ya namna mbili kuu za kutamka konsonanti ambayo katika lugha ya Kiholanzi huandikwa kwa herufi g au ch. G ngumu hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na kimio, na mkwaruzo wake husikika wazi. Ni matamshi ya kawaida katika sehemu kubwa ya Uholanzi, hasa kaskazini na magharibi. G laini hutamkwa mbele zaidi, karibu na mahali kaakaa laini linapokutana na kaakaa gumu, na mkwaruzo wake ni mdogo. Ni matamshi ya mikoa ya kusini ya Uholanzi, yaani Noord-Brabant na Limburg, pamoja na sehemu kubwa ya Flandria, eneo la Ubelgiji linalotumia Kiholanzi.

Tofauti kati ya G ngumu na G laini haizuii watu kuelewana. Mtu wa Amsterdam na mtu wa Antwerpen wakisema goed (nzuri), kila mmoja anamwelewa mwenzake mara moja. Hata hivyo ni mojawapo ya alama zinazotambulika upesi zaidi katika lugha hiyo: neno moja hutosha kuonyesha kama msemaji ametoka kaskazini au kusini. Kwa sababu hiyo imeambatana na hisia, mizaha na hukumu kuhusu watu, ingawa namna zote mbili ni sehemu ya Kiholanzi sanifu.

Sauti na mahali pa kutamkia

Konsonanti hii ni kikwamizo, yaani sauti inayotokea hewa inapopita kwa shida katika mwanya mwembamba kinywani. Sehemu ya nyuma ya ulimi huinuliwa kuelekea paa la kinywa bila kuziba njia yote. Katika hilo hutofautiana na g ya Kiswahili katika maneno kama gari au gogo, ambayo ni kipasuo: ulimi huziba njia kabisa, kisha hewa huachiwa ghafla. Maneno ya asili ya Kiholanzi hayana kipasuo hicho kama konsonanti ya kujitegemea. Husikika katika maneno ya kukopwa, kama vile goal (goli katika mpira), au pale k inapofuatwa na konsonanti fulani, kama katika zakdoek (leso), ambalo hutamkwa karibu na "zagduk".

Matamshi ya g na ch hutofautiana kimkoa kwa mambo mawili. La kwanza ni mahali pa kutamkia: nyuma kwenye kimio, katikati kwenye kaakaa laini, au mbele kuelekea kaakaa gumu. La pili ni mtetemo wa nyuzi za sauti. Nyuzi zikitetema, sauti huitwa ghuna. Zisipotetema, huitwa sighuna. Watu wengi wakizungumzia "ngumu" na "laini" hufikiria jambo la kwanza tu, lakini la pili lina uzito sawa, kwa sababu linahusu idadi ya konsonanti ambazo msemaji anazo.

Sauti hii hutumika mno katika Kiholanzi. Kiambishi ge- huanzisha umbo la vitenzi vingi linaloonyesha tendo lililokwisha kutimizwa, kwa mfano gegaan (kutoka gaan, kwenda), gegeven (kutoka geven, kutoa) na gegeten (kutoka eten, kula). Salamu ya asubuhi, goedemorgen, ina g mara mbili. Hivyo msemaji hutambulikana tangu anapoamkia.

G ngumu

G ngumu ni kikwamizo cha kimio, ambacho katika alama za kimataifa za fonetiki huandikwa [χ]. Kwa wasemaji wengine kimio chenyewe hutetema, na ndiyo maana wageni husikia sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Husikika waziwazi katika miji mikubwa ya magharibi: Amsterdam, Rotterdam, Den Haag na Utrecht. Si watu wote wa kaskazini wanaokwaruza kwa kiasi kimoja. Wengine hutamka sauti hiyo kwenye kaakaa laini, bila mtetemo wa kimio.

Katika eneo la G ngumu sauti hii kwa kawaida ni sighuna. Herufi g na ch, ambazo zamani ziliwakilisha konsonanti mbili, hutamkwa sawasawa. Neno vlaggen (bendera, wingi) na neno lachen (kucheka) huwa na konsonanti ileile katikati. Mabadiliko haya hayako peke yake. Katika maeneo hayohayo v huelekea kutamkwa kama f, na z kama s, hasa Amsterdam na jirani zake. Kwa hiyo G ngumu ni sehemu ya mwelekeo mpana ambao vikwamizo ghuna vinapotea na kuacha vile visivyo ghuna.

G laini

G laini hutamkwa mbele ya kaakaa laini au kwenye ukingo wa kaakaa gumu. Ikiwa karibu na irabu i au e, husogea mbele zaidi, hata kukaribia sauti ya ch katika neno la Kijerumani ich (mimi). Ikiwa karibu na a, o au u, hurudi nyuma kidogo. Katika Kijerumani sanifu hatua hiyo ni kubwa, kwani ch ya ich na ch ya ach ni sauti mbili zinazosikika wazi kuwa tofauti. Katika G laini ya Kiholanzi tofauti hiyo ni ndogo.

Jambo muhimu ni kwamba wasemaji wengi wa G laini bado wanazo konsonanti mbili. Herufi g mwanzoni mwa neno au kati ya irabu huwa ghuna, na ch huwa sighuna. Kwao vlaggen na lachen hazina konsonanti moja katikati. Neno gracht (mfereji wa mjini) huonyesha zote mbili: huanza kwa sauti ghuna na karibu na mwisho lina sauti sighuna. Vivyo hivyo goochelen (kufanya mazingaombwe) huanza kwa moja na kuwa na nyingine katikati.

Basi si sahihi kusema kwamba G laini ni G ngumu iliyotamkwa kwa uvivu, kama mzaha mmoja unavyodai. Msemaji wa kusini hutunza tofauti ambayo msemaji wa kaskazini ameiacha.

Hata hivyo, mwishoni mwa neno tofauti hiyo hupotea pande zote. Kiholanzi hakiruhusu kikwamizo ghuna mwishoni mwa neno linalosemwa peke yake. Hivyo lach (nacheka) na lag (nililala) hutamkwa sawa kila mahali, na vilevile nog (bado) na noch (wala). Katika dag (siku) g ni sighuna, lakini katika wingi wake, dagen, msemaji wa kusini huirudisha kuwa ghuna.

Matamshi yanayokaribia h

Mbali na namna hizo mbili, iko ya tatu. Katika lahaja za mkoa wa Zeeland, za kisiwa cha Goeree-Overflakkee kilicho katika mkoa wa Zuid-Holland, na za Flandria Magharibi, g imelegea mpaka ikawa karibu na h. Neno goed kwa sikio la mgeni husikika kama hoed, ambalo katika Kiholanzi sanifu maana yake ni kofia. Salamu goedemorgen husikika karibu na "hudemorhe".

Mkanganyiko hautokei ndani ya lahaja zenyewe, kwa sababu h ya asili imeanguka. Kofia huitwa "oed", bila h, na nafasi iliyoachwa wazi imechukuliwa na g. Shida huanza msemaji anapohamia Kiholanzi sanifu, ambapo hulazimika kurudisha konsonanti mbili mahali pake. Wengine huweka g panapotakiwa h, na h panapotakiwa g. Makosa ya namna hii ni mzaha wa siku nyingi kuhusu watu wa Flandria Magharibi, lakini chanzo chake ni jitihada ya kusema kwa usahihi, si uzembe.

Mpaka wa mito

Katika mazungumzo ya kila siku Waholanzi husema kwamba G ngumu iko "juu ya mito" na G laini "chini ya mito". Mito inayotajwa ni Rhine, Waal na Maas, ambayo huvuka katikati ya nchi kutoka mashariki kwenda magharibi. Msemo mwingine ni "chini ya Moerdijk", kwa jina la mahali palipo kwenye ukingo wa maji mapana ya Hollands Diep, kati ya Noord-Brabant na Zuid-Holland.

Mito hiyo ni kipimo kizuri, lakini si ukuta. Sehemu za kusini za mkoa wa Gelderland, ukiwemo mji wa Nijmegen ulio ng'ambo ya kusini ya Waal, ni eneo la mpito ambamo namna zote mbili husikika. Zeeland, iliyo kusini-magharibi, haina G laini ya Brabant bali ina matamshi yake yanayokaribia h. Watu pia huhama na matamshi yao. Eindhoven, mji wa Noord-Brabant, ulikua haraka kwa sababu ya viwanda vya Philips, ambavyo vilivuta wafanyakazi kutoka mbali. Mtaa wa Drents Dorp katika mji huo ulipata jina lake kutokana na familia zilizotoka Drenthe, mkoa wa kaskazini-mashariki.

Eneo la G laini si dogo. Flandria ina wakazi zaidi ya milioni 6.5, Noord-Brabant zaidi ya milioni 2.5 na Limburg ya Uholanzi zaidi ya milioni 1. Wasemaji wa Kiholanzi kama lugha ya kwanza kwa jumla hukadiriwa kuwa takriban milioni 24. Kwa hiyo G laini si upekee wa vijiji vichache vya mpakani, ingawa ndani ya Uholanzi wasemaji wake ni wachache kuliko wale wa G ngumu.

Historia

Lugha za Kijerumaniki za kale zilikuwa na vikwamizo vya nyuma ya kinywa, kimoja ghuna na kimoja sighuna. Kiingereza na Kijerumani sanifu viligeuza kile ghuna kuwa kipasuo mwanzoni mwa neno. Ndiyo maana neno la Kiingereza good na la Kijerumani gut huanza kwa g kama ya Kiswahili, wakati goed ya Kiholanzi imebaki na kikwamizo. Kifrisia cha Magharibi, lugha ya mkoa wa Friesland, pia kina kipasuo mwanzoni mwa neno.

Kiholanzi kiliongeza matumizi ya sauti hiyo kwa njia nyingine. Mfuatano wa ft katika maneno mengi ya kale uligeuka kuwa cht. Neno la Kijerumani Luft (hewa) kwa Kiholanzi ni lucht, na Kraft (nguvu) ni kracht. Neno zacht (laini), linalotumika katika jina la G laini yenyewe, ni ndugu wa neno la Kiingereza soft.

Tahajia ya Kiholanzi hutenganisha g na ch kwa sababu iliundwa na watu waliosikia sauti mbili. Hivyo tofauti ya ghuna na sighuna inayotunzwa kusini ndiyo hali ya zamani, na kuungana kwake katika G ngumu ni badiliko lililokuja baadaye.

Historia ya siasa ilichangia jinsi matamshi hayo yalivyopewa heshima. Vita vya uhuru dhidi ya Hispania, vilivyoanza mwaka 1568 na kumalizika kwa Mkataba wa Münster mwaka 1648, viliigawanya nchi. Baada ya jeshi la Hispania kuuteka mji wa Antwerpen mwaka 1585, wafanyabiashara na mafundi wengi walihamia kaskazini, na miji ya Holland ikawa kitovu cha biashara, uchapaji na lugha ya maandishi. Noord-Brabant ya leo na sehemu za Limburg zilibaki chini ya Jamhuri ya Uholanzi, lakini hazikuwa na kura katika Baraza la Majimbo. Zilitawaliwa moja kwa moja kutoka Den Haag hadi mwisho wa karne ya 18. Wakazi wake wengi walikuwa Wakatoliki katika dola iliyoongozwa na Waprotestanti.

Ubelgiji ulipojitenga mwaka 1830, na mipaka yake kukubaliwa mwaka 1839, mpaka mpya wa nchi ulipita ndani ya eneo la G laini. Noord-Brabant ilibaki Uholanzi, na Antwerpen, ambao ulikuwa mji wa Brabant ya kale, ukawa Ubelgiji. Limburg iligawanywa kati ya nchi hizo mbili. Kwa hiyo mpaka wa matamshi na mpaka wa nchi si kitu kimoja: mtu wa Breda hutamka g karibu zaidi na mtu wa Antwerpen kuliko na mtu wa Amsterdam, ingawa ana pasipoti moja na huyo wa Amsterdam.

Nchini Ubelgiji Kiholanzi chenyewe kilikuwa nyuma ya Kifaransa kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1898 ndiyo iliyofanya maandishi ya Kiholanzi ya sheria za nchi yawe na nguvu sawa na yale ya Kifaransa. Kiholanzi kilipopata nafasi katika shule, mahakama na utangazaji, G laini ikawa matamshi ya kawaida ya Kiholanzi sanifu cha Ubelgiji.

Tahajia na shule

Kwa mtoto wa kaskazini, g na ch ni herufi mbili za sauti moja, na hana budi kukariri ni lipi la kuandika. Mtoto wa kusini husaidiwa na sikio lake katikati ya neno, lakini si mwishoni wala kabla ya t, ambako sauti huwa sighuna kwa wote.

Kanuni inayofundishwa shuleni ni kwamba baada ya irabu fupi sauti hii ikifuatwa na t huandikwa ch: nacht (usiku), licht (nuru), lucht (hewa). Yapo maumbo machache yasiyofuata kanuni hiyo, hasa ligt (amelala), legt (anaweka) na zegt (anasema), kwa kuwa yanatokana na vitenzi liggen, leggen na zeggen, vyenye g. Hivyo licht na ligt hutamkwa sawa lakini huandikwa tofauti.

Mwaka 1980 Uholanzi na Ubelgiji vilianzisha Umoja wa Lugha ya Kiholanzi (Nederlandse Taalunie), ambao Suriname ilijiunga nao baadaye kama mwanachama mshiriki. Umoja huo huratibu tahajia rasmi, lakini hauamuru g itamkwe vipi. Neno huandikwa kwa namna moja Groningen na Gent, na kila mji hulisoma kwa sauti yake.

Sauti ya sch na masimulizi ya vita

Mwanzoni mwa neno herufi sch husomwa kama s ikifuatwa na g ngumu au laini, kwa mfano school (shule) na schip (meli). Mwishoni mwa neno husomwa s tu. Kwa hiyo jina la mchoraji Hieronymus Bosch, lililotokana na mji wa 's-Hertogenbosch, hutamkwa "Bos". Kifrisia na baadhi ya lahaja za kaskazini mwa Noord-Holland zimetunza sk ya zamani.

Mfuatano huu ni mgumu kwa wageni, na masimulizi mawili maarufu yanautumia kama mtihani wa kumtambua adui. La kwanza linahusu mapigano ya Brugge ya tarehe 18 Mei 1302, ambapo inasimuliwa kwamba Wafaransa walitambuliwa kwa kushindwa kutamka maneno schild en vriend (ngao na rafiki). Katika Kiholanzi cha wakati ule neno la kwanza liliandikwa scilt, na huenda lilitamkwa kwa sk, kwa hiyo mtihani wenyewe haukuwa juu ya sauti ya leo. La pili ni la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo inasemwa kwamba jina Scheveningen, eneo la pwani la Den Haag, lilitumika kuwatambua Wajerumani, ambao husoma sch kama sh ya Kiswahili. Masimulizi haya yanafanana na habari ya Biblia katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, ambapo Wagileadi waliwatambua Waefraimu kwa neno Shibolethi.

Matamshi na hukumu za kijamii

Nchini Uholanzi G laini huhusishwa na ukarimu, uchangamfu na sherehe za kanivali, ambazo ni desturi ya kusini yenye asili ya Kikatoliki. Sifa hizo ni nzuri, lakini zina upande wa pili. Mtu anayesifiwa kuwa mcheshi kwa sababu ya matamshi yake anaweza kuchukuliwa kuwa si mtu wa mambo mazito, na baadhi ya watu wa kusini wanaohamia miji ya magharibi kwa masomo au kazi huikaza g yao ili wasiulizwe kila mara wanatoka wapi. Ni nadra zaidi kwa mtu wa kaskazini aliyehamia kusini kuilegeza yake.

Nchini Ubelgiji mizani hugeuka. Huko G laini ndiyo ya kawaida katika habari za VRT, shirika la utangazaji la umma la Flandria, na G ngumu humtambulisha msemaji kama "Hollander", neno ambalo mara nyingi hubeba maana ya mtu mwenye sauti kubwa na kujiamini kupita kiasi. Sauti ileile inayochukuliwa kuwa ya kawaida Amsterdam huonekana kali Gent. Hii ni dalili kwamba uzuri au ubaya unaosikiwa haumo katika sauti, bali katika nafasi ya watu wanaoitumia.

Mfano unaojulikana duniani ni jina la mchoraji Vincent van Gogh. Alizaliwa mwaka 1853 Zundert, Noord-Brabant, katika eneo la G laini. Jina lake la ukoo lina sauti hii mwanzoni na mwishoni, kwani gh ni tahajia ya kizamani. Kwa matamshi ya alikozaliwa zote mbili ni laini. Kwa matamshi ya Amsterdam, ambako makumbusho yake yapo, zote mbili ni ngumu. Waingereza wengi husema "Gof" na Wamarekani wengi "Go". Van Gogh mwenyewe, akiwa Ufaransa mwaka 1888, alimwandikia ndugu yake Theo kwamba katika orodha ya maonyesho aandikwe Vincent tu kama alivyotia sahihi, kwa kuwa watu wa huko wasingeweza kutamka jina la ukoo.

Afrika Kusini

Kiholanzi kilifika Rasi ya Tumaini Jema na walowezi wa mwaka 1652, na huko kikazaa Kiafrikaans, kilichokuwa lugha rasmi ya Afrika Kusini mwaka 1925. Katika Kiafrikaans g ni kikwamizo sighuna cha nyuma ya kinywa, karibu na G ngumu. Tahajia yake iliondoa ch katika maneno mengi ya asili: nacht imekuwa nag, na lachen imekuwa lag. Mfuatano wa sch umekuwa sk, kama katika skool. Kipasuo g kimerudi katika maneno machache: wingi wa berg (mlima) ni berge, ambapo g husomwa kama ya Kiswahili, na katika maneno ya kukopwa huandikwa gh, kama gholf (gofu).

Sauti hiyo ilivuka pia kwenda lugha za Kibantu. Jina la mkoa wa Gauteng limetokana na neno la Kisotho gauta, lililokopwa kutoka Kiholanzi goud (dhahabu), likiongezwa kiambishi cha mahali ambacho ni ndugu wa -ni ya Kiswahili katika nyumbani. Maana yake ni "mahali pa dhahabu", na g yake ya kwanza husomwa kama kh. Katika tahajia ya Kitswana na ya Kisotho cha Kaskazini herufi g huwakilisha sauti hiyo kwa kawaida.

Kwa wasemaji wa Kiswahili

Kiswahili kina sauti za karibu na hizi kupitia maneno yenye asili ya Kiarabu. Gh katika ghali, ghafla na lugha, ikitamkwa kama watu wa pwani wanavyoitamka, ni kikwamizo ghuna cha kaakaa laini. Inakaribia g ya kusini katika dagen kuliko G ngumu ya Amsterdam. Kh, iliyobaki katika maneno kama sheikh na katika matamshi ya watu waliosoma Kiarabu, ni sighuna na hulingana na ch ya lachen. Wasemaji wengi wa bara hutamka gh kama g na kh kama h. Wasemaji wa Kikuyu nao wana faida, kwani g ya lugha yao ni kikwamizo ghuna.

Watu wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanaishi Ubelgiji, na wengine Uholanzi. Anayejifunza Kiholanzi Antwerpen husikia G laini, na anayejifunza Rotterdam husikia G ngumu. Hakuna haja ya kuacha moja kwa ajili ya nyingine anapohama, maana zote mbili hueleweka popote. Kosa linaloleta utata ni kuweka kipasuo cha gari au k badala ya kikwamizo: goed ikitamkwa kwa k husikika kama koet, ambalo ni jina la ndege wa majini, na gat (tundu) husikika kama kat (paka).